Zile Thelathini na Nane ni Zako, Wajina

Harborne,
Birmingham,
Uingereza.

Tarehe 9 Septemba, 2025

Mpendwa wajina wangu, Wambui wa Arnold,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na kwa wote walio chini ya paa hili. Sisi hatujambo, ila bega langu la kulia hulalamika kila mvua ikinyesha, na hapa unajua mvua haihitaji kualikwa. Wewe u mzima? Mgongo wa mumeo Lennox umepoa? Na Jemima wenu, bado anakujibu kwa Kiingereza ukimsemesha Kiswahili? Wangu pia ni hivyo hivyo, kwa hiyo usidhani ni wewe tu uliyeshindwa kulea. Huko Perth najua baridi inaisha. Huku ndiyo kwanza tunayatoa makoti kabatini.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu nikikutumia ujumbe wa simu unanijibu kwa picha ya kidole gumba, basi. Barua huwezi kuijibu hivyo. Keti, weka chai karibu, uisome mpaka mwisho, kisha ndiyo unikasirikie.

Habari yenyewe ni ya softiboli. Najua ungependa kuikunja hapo hapo. Usithubutu.

Timu yetu ya Bonde imetimiza miaka ishirini na mitano tangu Mzee Narendra aianzishe na wenzake waliotoka Nakuru. Kamati, ambayo siku hizi mwenyekiti wake ni Sunita, ikaamua kutundika ubao katika chumba cha kubadilishia nguo pale uwanjani Shard End, wenye majina ya warushaji watatu waliofunga mechi nyingi zaidi katika historia ya timu. Kazi hiyo huna haja ya kufundishwa. Wenzako wamehangaika zamu sita, mnaongoza kwa pointi moja au mbili, mrushaji wenu amechoka, na wewe unaitwa zamu ya saba, ya mwisho, uwatoe wapigaji watatu wa upande wa pili. Ukiwatoa, mechi imefungwa. Ukikosa, hakuna atakayekumbuka zile zamu sita, lawama zote ni zako.

Basi mwezi wa saba tukaitwa kusikia majina. Sambusa zilikuwepo, hotuba zilikuwepo. Sunita akasoma: wa tatu Thérèse, mechi thelathini na sita. Wa pili Narendra, arobaini na moja. Wa kwanza Wambui, mechi hamsini na saba! Watu wakapiga makofi, nami nikasukumwa mbele kama bibi harusi.

Wajina, hamsini na saba mimi nimezitoa wapi? Mimi zangu ni kumi na tisa. Nazijua moja moja.

Kosa lenyewe ni la kwetu, wengine wasingeliweza. Baba yako na baba yangu, kama desturi ilivyo, kila mmoja alimpa binti wake wa kwanza jina la mama yao. Ukahama mwaka 2017, nikaja mimi mwaka uliofuata, nikakuta umeniachia jezi yako yenye jina letu mgongoni. Nikaivaa kwa fahari. Mzee Baldev, ambaye tangu mwanzo ndiye mwandishi wa vitabu vya mechi, huandika kilichoandikwa mgongoni, haongezi wala hapunguzi. Halafu Neeta, aliyejiunga na sisi mwaka jana tu, akavijumlisha vitabu vyote kwenye kompyuta, na sisi wawili tukawa mtu mmoja aliyerusha mpira miaka kumi na sita bila kuchoka.

Nilisema pale pale, sambusa mkononi, kwamba hesabu si yangu. Sunita akanivuta kando. "But Wambui, fifty-seven ni story nzuri sana! Mbona unaiharibu?" Eti naiharibu. Nikamwambia mimi huwaogesha wazee wa watu kila siku ya Mungu, nimezoea kazi ya mikono yangu, siwezi kuvikwa taji la kazi ya mikono ya mwingine.

Nilipokuandikia kisa hicho chote, wewe ukanijibu: "Jina ni la cucu. Chukua tu, mimi sikufanya kitu huko." Hapo ndipo uliponichefua. Cucu, bibi yetu, alitugawia jina moja, hakutugawia mkono mmoja. Na kusema hukufanya kitu ni uongo, Wambui, na nitakuthibitishia.

Nilikwenda kwa Mzee Baldev Jumamosi tatu mfululizo. Nilikunywa chai yake yenye tangawizi ya kuchoma koo, nikavisoma vitabu vyake ukurasa kwa ukurasa. Yule mzee huandika kila kitu kwa penseli: nani alikuwa kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, ulipoingia, mlikuwa mkiongoza kwa pointi ngapi, hata upepo ulikotoka.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Narendra ndiye aliyetufundisha wote kwamba zamu ya saba ina mwenyewe. Mpira wake ulikuwa wa polepole na wa hila, mpigaji anauona, anaucheka, anaukosa. Lakini katika zile arobaini na moja, ishirini na sita aliingia tukiongoza kwa pointi tatu au zaidi na besi zote tupu. Huko ni kufunga mlango ambao hakuna mtu anayeusukuma. Thérèse naye ana mkono mkali kukushinda, nakubali, na huusemesha mpira kwa Kifaransa kabla ya kuurusha. Ila kila mara yeye huwapa wawili wa kwanza besi za bure, halafu ndipo akasirike na kuwatoa watatu wanaofuata. Watazamaji humpenda kwa hilo. Mimi hunipandisha presha.

Sasa wewe. Umefunga thelathini na nane. Ishirini na tisa kati ya hizo uliingia tayari kuna mtu kwenye besi, na kumi na moja besi zote zilikuwa zimejaa. Ulikuwa ukiitwa nyumba ikiwaka moto. Umeshindwa mara nne tu katika miaka yote. Narendra ameshindwa mara kumi na moja! Lakini zake hazitajwi, kwa sababu alibaki hapa na kuzisimulia anavyopenda, kila mwaka upepo unazidi kuwa mkali. Wewe uliondoka, ukawaachia watu wakusimulie, wakachagua ile moja ya fainali na Coventry.

Nayo nimeisoma. Besi zimejaa, tunaongoza kwa moja, wawili wameshatolewa, na Dalmar, yule mpigaji wao, akaupiga mpira wako ukavuka uzio. Najua kombe lilikwenda. Najua watu walivyokunyamazia kwenye gari mkirudi. Najua pia hujagusa mpira tangu siku ile, kwa sababu Lennox aliniambia, na usimgombeze. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wajina, lakini wewe ulikubali kupita kiasi.

Niliyapeleka haya yote kwenye kamati na vitabu vyenyewe kwapani. Mzee Narendra akasimama, nikadhani sasa ni vita. "Forty-one ni forty-one, bana," akasema, "mimi nakaa juu. Lakini huyo msichana wa Arnold alikuwa anaokoa mimi kila Sunday. Weka yeye chini yangu, karibu." Wakakubali: Narendra, kisha wewe, kisha Thérèse. Mimi nikatoka ubaoni, na sikumbuki siku niliyofurahi zaidi kufukuzwa mahali.

Lakini kamati hii ina sheria zake za Kiingereza. Jina la mtu halipakwi rangi ukutani bila yeye kukubali kwa maandishi. Sunita akakuandikia, nawe ukamjibu kwa mstari mmoja, "No thank you, give it to my cousin." Cousin! Tangu lini? Binti wa Baba Mkubwa ni dada yangu, hata huko kwa kangaruu.

Wakasema basi, tumpandishe Thérèse awe wa pili, na mimi nijaze nafasi ya tatu. Nikakataa. Thérèse mwenyewe akakataa, kwa lugha tatu. Tukasema mstari wako ubaki na hesabu yake, na pa jina paachwe wazi. Ndivyo ubao ulivyotundikwa wiki mbili zilizopita: Narendra 41, halafu pengo na 38, halafu Thérèse 36. Unatia aibu kuutazama, na sijali.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonikalisha niandike. Juzi Jumapili Coventry walikuja kucheza. Dalmar bado yupo, amenenepa, magoti yamekwisha, siku hizi ni kocha. Akaingia kutusalimia, akasimama mbele ya ule ubao akiusoma. Kisha akaniuliza, "Wambui wenu wa kwanza ako wapi? Hii thirty-eight si ni yake?" Nikamwambia uko Australia, na hutaki jina lako liandikwe kwa sababu yake yeye. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. "Kwa sababu yangu? Mimi nilisimama mbele yake mara kumi na nne. Mara kumi na tatu alinirudisha bench. Nilimpata once. Once! Miaka nane naringa nayo huko Coventry, na kama yeye si mtu, basi mimi naringa na nini?"

Umesikia, Wambui? Aliyekupiga anazikumbuka zile kumi na tatu. Anayeikumbuka moja ni wewe peke yako.

Mchoraji ataleta brashi yake tarehe thelathini. Sunita anataka mstari mmoja tu kutoka kwako, wenye jina lako kamili na neno ndiyo.

Msalimie sana Lennox, na umbusu Jemima hata akikimbia. Baba Mkubwa Arnold ukimpigia simu mwambie Kamau mdogo wake anamwombea. Mzee Baldev na Thérèse wanakusalimu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akulegeze hiyo shingo.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukinuna,

Wambui wa Kamau
(mechi kumi na tisa)