Mstari wa Njano kwenye Kalamu

Kihonda, Morogoro
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limepunguza ukali, na unaweza kushuka mwenyewe hadi kwenye mikorosho bila kumwita kaka Mathayo akushike mkono. Mama naye umfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishaanza hunyanyui macho. Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku imenipa mafua mara mbili tu mwaka huu, na mara zote mbili yameisha kwa chai ya tangawizi ya mke wa Mzee Shomari.

Mathayo ameniambia unalalamika kwamba kwenye simu naongea haraka na wewe unasikia nusu. Basi leo naandika, tena taratibu, kwa sababu kuna habari nataka uipate yote kutoka kwangu.

Nilipokuja huku ulisema mpingo haukukaa porini miaka yote hiyo ili mtu aje aufanye kijiti cha kuandikia. Ngoja nikueleze hivyo vijiti vyenyewe. Mzee Shomari, huyu Mluguru aliyeniajiri, zamani alikuwa akitengeneza vitanda na makabati. Sasa tunatengeneza kalamu za wino tu, mwili wa mpingo na ncha ya dhahabu inayoagizwa nje. Wanaozinunua ni wakusanyaji. Baba, kuna watu wana kalamu hamsini ndani ya droo na wanaandikia moja tu, nyingine wanazitoa kuzitazama kama watoto. Mwaka huu chama chao kilimwomba Mzee Shomari awatengenezee thelathini za muundo mpya, ambao hautarudiwa tena. Na yeye akanipa mimi kazi ya kuubuni.

Nilihangaika wiki mbili. Kisha asubuhi moja nilikuwa nafungua mlango wa karakana, nikaitazama milima ya Uluguru kama ninavyoitazama kila siku. Chini ilikuwa nyeusi, juu ukungu, na kati yake ule mstari wa kupanda na kushuka. Nikaona mpingo wenyewe uko hivyo hivyo. Kiini chake cheusi kinapokutana na ule mti wa njano ulio chini ya gome, mpaka wake haunyooki hata siku moja. Nikachonga kifuniko kwa namna ambayo njano inabaki juu na nyeusi chini, na kila kalamu ikapata milima yake. Kishikizo cha kuchomeka mfukoni sikuweka. Badala yake niliacha kinundu kidogo mwilini, karibu na pale vidole vinaposhika, ili kalamu isiviringike mezani.

Mzee Shomari alipowatumia picha kwenye kundi lao la mtandaoni, balaa likaanza. Kila saa ya chai alikuwa ananisomea. Mmoja aliandika kwamba ni kalamu nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Mwingine akaandika kwamba inafanana na ukuni ulioungua nusu. Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu sikucheka.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita wakaja wenyewe, watu saba, kwa treni ya umeme kutoka Dar. Aliyewaongoza ni jaji mstaafu, mrefu, mkali wa kutazama, mkono mmoja mfukoni na mwingine ameshika kioo cha kukuzia. Pamoja naye alikuwa Daktari Njeri, mama mmoja daktari wa meno kutoka Nairobi. Mke wa Mzee Shomari alikuwa amepika pilau, tukala na ubishi ukaendelea juu ya sahani. Jaji aliniita.

"Binti, hii sehemu ya njano, fundi anayejua kazi huitoa," akasema. "Wewe umeivalisha kalamu kifuani kama nishani."

Daktari Njeri alimjibu kabla yangu. Alisema kalamu nyeusi tupu anazo kumi na mbili nyumbani, na umeme ukikatika hajui ipi ni ipi. Jaji akamshauri anunue tochi. Wakagawanyika hivyo, watatu upande wa Jaji wakisema njano ni kasoro, tena ni sehemu laini itakayochakaa mapema, na watatu upande wa Daktari wakisema bila hiyo njano wasingepanda treni. Wa saba aliomba aongezewe pilau.

Walipoondoka kwenda kulala hoteli mjini, Mzee Shomari alizirudisha kalamu kwenye trei, moja moja. Kisha akaja na kopo la rangi nyeusi.

"Sabina, tuzipake," akasema. "Njano ikizama, hakuna wa kulalamika."

Alinieleza kwa upole. Wengi wa wanachama humsikiliza Jaji, naye akijitoa watajitoa pia, na thelathini nzima zitabaki kwetu. Hakuwa mtu mbaya siku ile, baba, alikuwa na hofu tu. Lakini mimi nilikuwa namkumbuka yule mfanyabiashara aliyekuja nyumbani na katoni ya rangi ya viatu, nikiwa darasa la nne. Alitaka uchonge vinyago kwa mti wa kawaida halafu uvisugue rangi ile, watalii wadhani ni mpingo. Ulimtoa uani kwetu na katoni yake, ingawa mama alikuwa amekwisha kumkaribisha chakula, na mama akakukasirikia mpaka Jumapili.

Nikamwambia Mzee Shomari kwamba kazi ni yake na karakana ni yake, akitaka kuzipaka azipake, lakini si kwa mkono wangu. Aliondoka kwenda kuswali magharibi, na mimi nikaanza kukusanya patasi zangu na misasa yangu kwenye mfuko, nikijua nimekwisha kujifukuza kazi.

Aliporudi aliuona ule mfuko, akalichukua lile kopo na kulipandisha kwenye rafu ya juu.

"Tangu wafike hapa hakuna aliyeandika hata neno moja," akasema. "Kesho waandike kwanza."

Jumapili walipokuja waliikuta meza imepangwa karatasi na chupa ya wino. Daktari Njeri aliandika wa kwanza, akajaza mistari mitano ya salamu kwa mama yake. Wengine wakafuata. Jaji alikataa mara mbili, kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jana yake aliuficha siku nzima, hata pilau akala kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa unatetemeka vibaya. Watu wakajifanya wanatazama nje.

Nilimsogelea nikamwonyesha mahali pa kuweka kidole cha shahada, nyuma ya kile kinundu. Sikukibuni mimi. Ni kile ulichokuwa ukikiacha kwenye mpini wa tezo ili mkono ukilowa jasho usiteleze. Aliandika jina lake. Akalitazama. Akaandika tena chini yake, halafu akaanza kuandika kitu kirefu ambacho hakumwonyesha mtu. Kutetemeka hakukuisha, baba, sitakudanganya, ila kalamu haikuzunguka vidoleni na herufi zilisomeka. Alijaza ukurasa mzima huku sisi tumesimama.

"Sura yake bado siipendi," akasema alipomaliza. "Nataka mbili."

Daktari Njeri alicheka hadi akaketi. Wawili wa upande wa Jaji walijitoa hata hivyo, wakisema mkono ni mkono na macho ni macho, lakini kalamu zao zilichukuliwa na wengine kabla hawajafika stesheni. Ubishi wenyewe haujaisha. Juzi tu Mzee Shomari amenisomea mmoja anayeuita muundo wangu aibu, na mwingine anayemwambia huyo wa aibu akapimwe macho. Sasa ninacheka tena.

Lakini kabla hawajaondoka Jaji aliigeuza kalamu na kile kioo chake, akaona mkiani vikato vitatu na nukta. Akaniuliza kama ni alama ya karakana. Nikamwambia ni ya baba yangu. Akaniuliza kama ni marehemu, nikasema hapana, yuko kwetu Masasi na anachonga hata leo.

"Anajua?" akaniuliza.

Nikainama kuzifunga zile mbili zake.

Basi ndiyo habari niliyotaka uipate kutoka kwangu. Nilipomaliza ile ya kwanza niliigeuza kama ulivyokuwa ukigeuza kinyago, na mkono ukaenda wenyewe. Baada ya hapo ningeweza kuacha, sikuacha. Sikuona alama nyingine ya kuweka. Ishirini na mbili zimekwenda na alama yako, nane zipo hapa hazijawekwa kitu. Ukisema hapana, zitatoka bila alama, na sitanuna. Kwa zile zilizokwenda, nisamehe.

Likizo ya Krismasi nitakuja, Mzee Shomari ameshaniruhusu. Nisalimie bibi, umwambie njegere za Mgeta alizoziulizia nitamletea, na plamu pia zikiwa zimeiva. Msalimie mjomba Anselmi aliyenipa patasi yangu ya kwanza, wifi mke wa Mathayo na mtoto wao mchanga ambaye bado sijambeba, na jirani yetu mwalimu anayekuletea magazeti. Mzee Shomari na mkewe wanakusalimu sana, wanasema wewe ni mgeni wao siku yoyote utakayotaka kuiona milima ya huku.

Nijibu mwenyewe, baba, usimtume Mathayo kupiga simu. Kalamu niliyoifunga pamoja na barua hii ni moja ya zile nane; ina njano nyingi kuliko zote, na nimeijaza wino. Mkiani haina kitu. Nimeacha mahali pako wazi.

Mwanao akupendaye,
Sabina