Fimbo Niliyomchagulia Guyo

Jumatatu, 4 Februari 1980
Panchari sita za baiskeli leo. Nimeziba zote kabla ya adhuhuri. Hapa Bulla Pesa hakuna mkono kama wangu, na fundi mwenye banda anajua, ndiyo maana hanisifu.

Jioni nimekuta barua nyumbani. Imetoka kwa Wario, mume wa dada yetu. Yuko Malindi, kwenye boti inayopeleka wageni kuvua samaki baharini. Anasema kuna nafasi ya msaidizi, na mwenye boti atamjaribu kaka yangu Guyo mwezi mmoja. Lakini Guyo aje na fimbo yake ya kuvulia, pamoja na rili, lile gurudumu la kukunja mshipi. Zilizo botini ni za wageni. Siku ambazo boti haitoki, atavua akiwa amesimama ufuoni, apate mboga yake. Kwa hiyo iwe fimbo ya kazi zote mbili.

Nimewasomea watu wote wa nyumbani, mara mbili. Darasa la sita si mchezo.

Guyo hakucheka nilipojisifu. Ukame umemaliza mbuzi wake wote. Amebaki na kondoo dume mmoja. Akikosa kazi hii, hana kitu kingine.

Jumatano, 6 Februari
Fimbo zimepatikana. Nani amezipata? Mimi. Yule mzungu aliyekuwa daktari wa mifugo hapa alirudi kwao, akamwachia mpishi wake vyombo vyake vya kuvulia. Mpishi ni Mzee Kirimi, Mmeru, anakaa mtaa wa Chechelesi. Amekubali kutoa fimbo moja na rili yake kwa yule kondoo wa Guyo. Kazi ni kuchagua tu.

Guyo amesema niende mimi. "Wewe umesoma, na umewahi kuvua."

Ni kweli nilivua kambare pale mto Ewaso Nyiro. Alikuwa mmoja. Nyumbani nilisema wanne.

Jumamosi, 9 Februari
Nimepeleka kondoo, nimerudi na fimbo.

Zilikuwa mbili. Moja ndefu kama mimi mara mbili, nene, nzito, sura mbaya. Rili yake kubwa kama mkebe wa maziwa ya unga, imejaa grisi, ukiizungusha ni kama unakoroga uji uliolala. Ya pili inafika sikioni mwangu. Nimeipima kama mtu anavyopima fimbo ya kuchungia: nyepesi mkononi, imenyooka, ukiikunja inarudi bila kulalamika. Na rili yake ndogo inametameta. Niliizungusha, ikaenda, ikaenda, kama gurudumu la baiskeli mpya.

Mzee Kirimi akasema chukua kubwa. Ati kila mwaka alikuwa anaenda baharini na mzungu, kumpikia. "Hiyo ndogo ni ya samaki wa mito ya mlimani, kijana. Bahari itaivunja. Na hiyo grisi nimeipaka mwenyewe, inazuia chumvi."

Nikamwambia, mzee, wewe ulikuwa jikoni.

Watu waliokuwa pale walicheka. Nilipenda walivyocheka. Nikachukua ndogo.

Jumapili, 10 Februari
Guyo ameishika, akasema mbona nyembamba hivi. Nikamwambia Mzee Kirimi mwenyewe ndiye aliyenichagulia. Maneno yalitoka yenyewe. Sijui kwa nini sikuyarudisha.

Baadaye nikaonyesha ufundi. Nimefungua rili, nimeiosha yote kwa mafuta ya taa, nimetoa kila tone la grisi, nimeikausha kwa kitambaa. Hivyo ndivyo tunavyofanya na cheni, maana hapa grisi inashika mchanga na mchanga unakula chuma. Sasa inazunguka mpaka fundi ameacha kazi kuja kuangalia. Guyo naye amecheka. Sijamwona akicheka tangu mbuzi waishe.

Alhamisi, 14 Februari
Guyo ameondoka kwenda Malindi. Fimbo ameifunga ndani ya blanketi. Blanketi ni langu. Nimemwambia akiwa tajiri asinisahau.

Jumatatu, 3 Machi
Hakuna barua. Nawaambia watu samaki wamemzidi, hana nafasi ya kuandika.

Ijumaa, 14 Machi
Guyo amerudi. Bila fimbo.

Ametuambia wote tukiwa tumekaa. Wiki ya kwanza rili ikawa nyekundu kwa kutu, ikaanza kulia. Ufuoni hakupata kitu, fimbo ni fupi, ndoano ilianguka kabla ya kuvuka mawimbi, ikarudishwa miguuni kwake. Kila siku alikula kwa Wario, na aliona haya. Halafu siku moja botini mwenye boti akamwambia haya, tuone. Samaki mkubwa, kolekole, akashika ndoano. Rili ikakwama kabisa, mshipi ukakataa kutoka, fimbo ikavunjika katikati mbele ya wageni. Mwenye boti akamwambia aende akavue kwenye ndoo.

Mwezi haukuisha.

Nilingoja anitazame. Hakunitazama. Akasema, "Yule Mmeru ameniua. Amekula kondoo wangu akanipa kijiti."

Nilikuwa na chakula mbele yangu. Kimebaki.

Jumatatu, 17 Machi
Sokoni Mzee Kirimi alimsalimia Guyo. Guyo akapita. Tena amewaambia watu hotelini, wakinywa chai, kwamba mzee ni mwongo. Sasa watoto wa Chechelesi wanamwita mwizi wa kondoo. Mtu mzima wa mvi zile.

Wauza miraa wawili, Wameru, wamekuja bandani kwetu kuniuliza mzee wao amekosa nini. Nikasema sijui. Nikakaza nati ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Mimi ni mwoga. Nimejua leo.

Alhamisi, 20 Machi
Mzee Kirimi amekuja bandani. Hana baiskeli. Alisimama mpaka fundi akaenda kununua sigara.

"Kijana, siku ile nilikuambia nini?"

Nikasema, uliniambia nichukue kubwa.

"Na grisi?"

Nikasema, inazuia chumvi.

"Basi," akasema. Akaenda zake. Sikutukanwa. Afadhali angenipiga na pampu.

Ijumaa, 21 Machi
Nimemwambia Guyo. Baada ya swala, nje ya msikiti, viatu vyangu bado mkononi. Nimemwambia kwamba mzee alinikataza. Kwamba nilimsingizia. Kwamba grisi niliitoa mimi.

Aliuliza mawili tu. "Alikuambia kwa Kiswahili?" Ndiyo. "Ukaelewa?" Nikaelewa.

Akashika njia ya Chechelesi. Nikamfuata kwa mbali. Alimkuta mzee amekaa mlangoni kwake, majirani wapo. Guyo akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaongea muda mrefu. Sikusikia neno. Niliona mzee akitikisa kichwa, halafu akamwinua.

Guyo alirudi kwa njia ile ile. Alinipita nikiwa vile vile, na viatu mkononi.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeenda kumwomba mzee radhi mimi mwenyewe. Nimewaambia pia wale watoto na wauza miraa ukweli wote. Mmoja akaniambia, "Kumbe mwizi ni wewe."

Mzee alinipa chai. Ilikuwa ngumu kuinywa.

Jumamosi, 29 Machi
Guyo ameenda Kinna. Amepata mbuzi wa kuchunga, wa mtu mwingine.

Asubuhi aliaga mmoja mmoja. Mama alimwombea. Wadogo aliwashika kichwa. Akafika kwangu, nikasimama.

Akasema, "Enda kazini, umechelewa."

Kweli nilikuwa nimechelewa.