Ngome Iliyoanguka Wakati wa Maombi

Jumatatu, 9 Juni
Nimefua nguo za watu tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Nikanywa chai, nikapanga chesi kitandani kama kila jioni, nikarudia mchezo wa Jumamosi niliomshinda Mama Brayo wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Mwisho wake mtamu. Ngome yangu inashuka hadi chini, mfalme wake hana pa kukimbilia. Asante Yesu. Kanisa linamlipia nauli mama mmoja tu aende mashindano ya chesi Kisumu, na sasa ni mimi. Nikienda huko nifike Ahero kwa Mama, ni karibu. Macho yake yanazima. Nataka anione kabla hayajazima kabisa.

Jumanne, 10 Juni
Nimerudia tena. Haikubali. Ngome ilikuwa nyuma ya askari wangu mwenyewe. Ilipitaje? Labda nimesahau hatua. Nimechoka, kichwa si changu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekumbuka.

Katikati ya mchezo pasta alisimamisha watu wote tuombe. Meza ikatikiswa, nikaiskia ngome ikianguka, nikaidaka. Kwa maombi mimi sifumbui macho, tangu utoto. Nikapapasa nafasi yake, nikairudisha. Kumbe niliiweka mraba wa jirani, mbele wazi, hakuna askari wa kuizuia. Mama Brayo naye alikuwa amefumba. Hakuna aliyeona ila Mungu.

Sitaki kusema. Nataka kumwona Mama. Nimepiga magoti, nikainuka bila kuomba.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetembea hadi Kongo, nikamwambia Mama Brayo yote. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe mathe! Hata ukiongea na Mungu, mkono unatafuta ushindi!"

Akatoa chesi yake, tukapanga kama ilivyokuwa kabla ya maombi, ngome nyuma ya askari. Tukaendelea. Nilipigana, Mungu anajua. Farasi wake akanimaliza.

Nimelia njia yote mpaka nyumbani Mashimoni. Watu waliniangalia. Shauri yao.

Jumapili, 15 Juni
Pasta ametangaza, Mama Brayo ndiye anaenda. Nilipiga makofi. Mikono mizito.

Baada ya ibada Mama Brayo akanifuata mwenyewe, akauliza Ahero ni kituo gani. Atapitia. Nimemfungia leso mpya na sukari ampelekee Mama.

Nimemwambia akifika amshike Mama mkono, asimwachie haraka.