Kanzu Zako Siku ya Idi

Kaka yangu Sefu,

Jana tumekusomea arobaini. Barua hii usingeweza kuisoma hata ungekuwa hai, maana hakuna aliyejisumbua kukupeleka shule wala chuoni. Walisema kiziwi atasoma vipi na mwalimu hamsikii. Mambo yetu tulikuwa tukiyamaliza kwa mikono, mimi na wewe, na tangu nirudi kutoka kukuzika Bunda mikono yangu haina wa kusema naye. Basi nimeshika kalamu nikueleze yote, pamoja na lile usilolijua.

Nakuona bado kwenye baraza ya duka la Mhindi, pale mtaa wa Mukendo, Musoma, umekalia cherehani ya baba. Wewe ulikuwa unakata na kushona, mimi nakaa mbele kusema na wateja. Mafundi wengine waliisikiliza mashine yao. Wewe uliweka kiganja cha kushoto juu ya meza yake, ukajua sindano inaanza kupinda kabla haijakatika. Futi ulikuwa nayo shingoni kwa heshima tu. Ulimtazama mtu anavyokuja kutoka sokoni, ukaona bega lipi limeshuka, na kanzu yake ikatoka inalala sawa pande zote. Nakshi yako ya shingoni sikuiona kwa fundi mwingine kutoka Musoma hadi Butiama. Na utani ulikuwa nao. Mteja akinizidishia maneno, wewe nyuma yake unanionyesha kwa vidole jinsi mdomo wake unavyocheza kama wa sato aliyetolewa majini, nami nacheka peke yangu mbele za watu kama mwehu.

Baba alipokufa, kazi ikakatika. Machoni pa mji yeye ndiye alikuwa fundi. Wewe ulikuwa bubu tu, hata kama nusu ya kazi aliyosifiwa ilitoka mkononi mwako. Nguo zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya vita na Ramadhani ilikuwa karibu, lakini majora ya bafta, kile kitambaa cheupe cha kanzu, yalipita mbele yetu kwenda kwa mafundi wengine. Ukaniuliza kuna nini. Nikakuambia watu hawajapata nguo bado. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwako.

Ijumaa moja baada ya swala nikasimama mlangoni mwa msikiti. Sikuwa nimekuuliza. Nikasema, "Waislamu wenzangu, kaka yangu ni bubu, maskini. Mwoneeni huruma, mpeni kazi. Atakayempa, thawabu yake iko kwa Mungu." Nilisema vizuri mpaka mzee mmoja akajifuta machozi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kesho yake majora yakaanza kuja. Mzee Shabani, yule mfanyabiashara wa ngozi mwenye mwili mkubwa, alileta la kwanza. Ulishona mwezi mzima na saumu yako, macho mekundu, hutaki hata kunyoosha mgongo. Siku moja ukanigonga bega, ukanionyesha kiganja chako, kisha ukanionyesha mji wote: watu wameujua mkono wangu. Nikaitikia kwa kichwa. Kaka, sijafanya jambo la aibu kuliko kule kuitikia.

Idi ndiyo mtihani wa fundi. Kila fundi anawahi uwanjani, anasimama pembeni, anatafuta kazi yake migongoni mwa watu. Nawe uliwahi. Nilikuona unapitisha macho safu kwa safu, taratibu, kisha unarudia kwa haraka. Hapakuwa na kanzu yako hata moja. Mzee Shabani alikuwa amevaa kazi ya fundi mwingine.

Zako zilikuwa ukingoni mwa uwanja, kwa mafukara waliokaa chini kungoja zaka. Yule kipofu wa Buhare alikuwa amevaa ya Mzee Shabani, imemzunguka mara mbili na pindo limeshaloa tope. Ulichutama mbele yake, ukaligeuza pindo, ukautazama mshono wako. Halafu ukanishika mkono, ukanipeleka mpaka kwa Mzee Shabani, ukaniamuru nimuulize.

"Mwanangu," akaniambia kwa upole, "kazi ya bubu mtu anaivaaga Idi? Si wewe ulituomba pale msikitini? Nilimpa kazi, nikapata thawabu. Nikaitoa sadaka, nikapata nyingine."

Hakuwa mtu mbaya. Hata kuikunjua kanzu aitazame hakuikunjua.

Nilikugeukia nikakuambia kwa mikono kwamba ilimbana. Ukamtazama kipofu wa watu alivyomezwa na ile nguo, ukanitazama mimi. Nikashindwa kuendelea. Nikafanya ishara yetu ya huruma, ile tuliyomfanyia kifaranga aliyenyeshewa, viganja viwili kimoja kinafunika kingine, kisha nikanyoosha kidole kwako. Hukunipiga. Ulinitazama mikono kana kwamba ni ya mtu usiyemjua.

Wiki haikuisha, ukapakia cherehani kwenye lori ukaenda Bunda. Mimi nikakuita mwenye kiburi. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba shukrani ya punda ni mateke. Lakini roho ilinisuta, na niliposikia umepata nafasi kwa mwenye duka mmoja wa nguo, nikampa dereva wa lori salamu amfikishie: huyo fundi wako ni bubu, ni ndugu yangu, mwonee huruma, usimchoshe. Kuja mwenyewe sikuja. Nilikuwa nangoja wewe ndiye urudi uniombe radhi, na miaka ikapita hivyo mpaka ikaja habari ya msiba.

Siku ya mazishi mwenye duka alikaa nami mkekani.

"Alikuwaga fundi, huyu," alisema. "Alipofika nilimuweka mbele, barazani. Watu walikuwaga wanatoka vijijini kumfuata yeye. Halafu nikapata salamu zako. Nikasema, kumbe namuumiza maskini wa watu. Nikamtoa mbele, nikampa kazi nyepesi kule nyuma, ghalani."

"Kazi gani?"

"Kushona magunia ya pamba yaliyotoboka. Na cherehani yake nikampa fundi mwingine aitumie, huyu asichoke. Siku ile alinirushia mikono sana. Sikuelewa. Nikajua ananishukuru."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka alipougua."

Nikamwambia ahsante. Ndiyo, kaka, nilimshukuru mbele ya waombolezaji kwa yote aliyokutendea, maana alikuwa amekununulia sanda.

Basi lile usilolijua ni hilo. Pengine ulikaa na shazia lako, ile sindano nene ya magunia, mkononi ukidhani mkono umeharibika, au umemkosea yule bwana. Hukumkosea mtu. Nilikuwa mimi, mara ya pili, na mara ya pili pia sikukuuliza unataka nini. Ingenichukua nusu siku tu kwenye lori kuja kukuuliza.

Msamaha siuombi, sina uso wa kuuombea. Siku tukionana nitukane utakavyo, nami nitasimama nikutazame mpaka umalize. Ila kaka, usinionee huruma.

Mdogo wako,
niliyejifanya mdomo wako bila kutumwa.