Santuri ya Muziki wa Chuma

Jumamosi, mwezi wa nane. Upepo tangu alfajiri. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi.

Leo tumemaliza matanga ya kaka yangu Yona. Sijalia. Sikulia walipomleta, sikulia kaburini, na leo nimejaribu tena nikashindwa. Ni kama mguu uliokufa ganzi. Unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Yona alikuwa akifanya kazi na wachimba visima. Lori lao lilipinduka kwenye mteremko wa Sekenke. Nimeandika sentensi hiyo kama ninavyoandika tarehe ubaoni.

Baada ya watu kula, baba mdogo, aliyekuja kutoka Ulemo kusimamia shughuli, alitandika mkeka uani akafungua sanduku la marehemu. Baiskeli akampa mdogo wetu. Koti alilichukua mwenyewe. Ile mashine ya santuri ya betri alimpa mama, nadhani kwa sababu hakujua ampe nani. Chini kabisa ya sanduku ikabaki santuri moja kubwa. Aliishika kwa ncha za vidole. Kwenye jalada wamesimama vijana wanne ndani ya shimo la machimbo, nywele mpaka mabegani, hakuna anayetabasamu.

"Hawa ni wanaume au wanawake?" akauliza.

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Alisema kwa upole tu, "Hiyo naikumbuka. Marehemu alifyatua matofali siku mbili kwa sababu yake. Ichomeni, mambo yaishe."

Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu.

Santuri ile haikuwa ya Yona. Ni kweli alipewa yeye, na mzungu mmoja wa visima aliyekuwa akirudi kwao. Aliipiga mara moja akasema, "Hii kelele naisikia kazini kutwa, sitaki inifuate nyumbani." Yeye alipenda muziki wa dansi, tarumbeta na mashati yaliyopigwa pasi. Mimi ndiye niliyesema: rudia.

Akarudia. Tangu siku hiyo, kila akija likizo tuliisikiliza wawili, mlango umefungwa.

Wachimbaji waliuita muziki wa chuma. Sijui Kiingereza cha kunitosha kufuata maneno yao, na sikuwahi kuyahitaji. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa moja linalokwenda polepole, kama mtu anayeburuta kitu kizito na hataki msaada. Mwimbaji anachelewa kuingia mpaka unamsahau. Kisha ngoma zinaanguka zote kwa pamoja, na kifua chako kinazijua kabla ya masikio. Wimbo wa tatu una mahali ambapo gitaa linapanda, linapanda, na unadhani litakatika, halikatiki. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Kutwa nasema taratibu, nyamazeni, kaeni vizuri. Ndani ya muziki ule hakuna aliyeambiwa akae vizuri. Hata hivyo hakuna aliyekosea hesabu. Wote wanne wanafika mwisho wa mstari kwa mguu mmoja. Ndicho nilichokipenda. Ghadhabu yenye mpangilio.

Mwaka jana jirani alisikia, akapeleka habari. Mwenyekiti akaja na wajumbe wawili. Wakati ule ilisemwa kwenye kila mkutano kwamba nyimbo za kigeni zinapotosha vijana. Akaniuliza mimi kwanza, kwa kuwa mimi ni mwalimu: "Mwalimu, hii ni ya nani?"

Nikasema, "Ni ya kaka. Mimi sihusiki."

Yona alikuwa amesimama pale pale. Hakunitazama. Akasema ndiyo, ni yake, na kwa adhabu, siku mbili za likizo yake akafyatua matofali ya zahanati juani. Jioni alirudi na udongo mpaka kwenye nyusi, akanawa, akala. Hakusema neno lolote kuhusu jambo lile, siku ile wala baadaye. Na mimi sikumwomba radhi. Nilifikiri nafasi ipo.

Basi leo, baba mdogo alipoinuka aipeleke jikoni, nilisikia sauti yangu ikisema, "Baba mdogo, naomba hiyo."

"Ya nini? Si wamesema ichomwe?"

"Haikuwa ya marehemu. Ni yangu. Shikamoo mwenyekiti, mwaka jana nilikudanganya."

Mwalimu mkuu wangu alikuwepo, mchungaji alikuwepo. Nilingoja aibu inifike. Haikufika. Hakuna kilichofika.

Mwenyekiti aligeuza kigoda chake kunielekea. "Marahaba," akasema. Kisha: "Jumatatu baada ya vipindi, utakuja kufyatua matofali wewe. Siku mbili." Wengine walidhani anatania. Hakuwa anatania, na nilimshukuru kwa hilo. Baba mdogo akaniwekea santuri mapajani.

Watu walipotawanyika, jua likiwa bado lipo, niliingiza mashine ndani nikaweka sindano. Mama alikuwa amekaa kitandani. Sijawahi kumpigia muziki huu. Nilitegemea aseme zima. Gitaa likaanza, ngoma zikaanguka, na yeye akawa anautazama ukuta.

"Yona alikuwa anaupenda huu?" akauliza.

"Hapana, mama. Alikuwa anauvumilia. Kwa ajili yangu."

Akaitikia kwa kichwa. Upande wa kwanza ulipokwisha akasema, "Geuza."

Nikageuza. Upande wa pili ni wimbo mmoja mrefu, wenye kelele kuliko zote, na katikati sindano inaruka kwenye mkwaruzo. Nilipogeuka kumtazama, mama alikuwa amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi, viatu miguuni. Tangu mazishi alikuwa halali, anakaa macho akihesabu mabati ya paa. Sikuthubutu kupunguza sauti, nikiogopa kimya kitamwamsha. Wimbo ulipokwisha nikaurudisha mwanzo. Nimeurudisha mara nne. Betri zinakaribia kuisha, mwimbaji anaimba kama mzee.

Sijalia bado. Nimemvua viatu.

Kesho ni ibada, na watu watataka kutuona. Nimwamshe mapema twende, au nimwache?

Nitamwacha alale.