Ukuta Unaobomoka Kiangazi

Tunduma,
14 Septemba 1953

Kwa kaka yangu mpendwa Amoni,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mimi mzima, watoto wazima, mama naye mzima kuliko anavyokubali mwenyewe. Je, wewe huko mgodini hujambo? Kile kifua kimepona?

Pesa ulizotuma za kutengeneza nyumba yako hapa jirani, ile uliyompangisha Gwakisa fundi cherehani, zilifika. Kaka, zimekwisha, na ukuta wa nyuma umetoboka tena. Usikasirike kwanza, nisikilize.

Mvua ikinyesha ukuta wa udongo ukaanguka, hilo naelewa. Lakini kiangazi hiki, vumbi tupu, unabomokaje? Nilimshuku Gwakisa. Nikamwambia waziwazi kwamba anabomoa mwenyewe apate kisingizio cha kutolipa kodi. Alikuja juu, akasema anayelala na baridi ni yeye, na nguo za wateja zinajaa vumbi, tena kodi hajakosa hata mwezi mmoja. Kweli hajakosa. Basi shaka nikaihamishia kwa Efraimu, anayetuzibia ukuta. Mtu akilipwa kila ukuta ukianguka, ana haja gani ya kuujenga usimame? Nikamsimamia akikanda udongo, nikakagua hata majani anayochanganya. Akasusa, akasema tangu azaliwe hajaitwa mwizi. Sasa tukikutana njiani anageuza uso.

Jumapili iliyopita nilisahau kitabu cha nyimbo, nikarudi nyumbani kabla ibada haijaanza. Gwakisa na Efraimu wote niliwaacha kanisani. Mama alikuwa amebaki, eti mguu unamuuma. Amoni! Nilimkuta nyuma ya nyumba yako, nguo kaifunga kiunoni, anachimba ukuta kwa jembe. Na mguu wenyewe kaukanyagia vizuri kabisa!

Nilipiga kelele. Yeye wala hakushtuka. Aliniuliza kama nimesahau barua yako ya Pasaka, niliyomsomea mimi mwenyewe, uliposema kazi imekubana mno, labda nyumba ianguke ndipo utapewa ruhusa ya kuja. Ulikuwa unatania, najua, nami nilicheka nikisoma. Yeye hakucheka. Alisema mtoto wake ametaja sharti, naye analitimiza, ila kila akibomoa wewe unatuma pesa badala ya kuja. Halafu akakaa palepale kwenye udongo akalia. Na mimi nikalia, hata kanisani sikurudi.

Gwakisa na Efraimu nimewaomba radhi. Efraimu bado amenuna kidogo, mwache.

Kaka, za ukuta huu usitume tena hata senti. Tundu nimeliziba kwa mkeka tu, linakusubiri wewe.

Wasalimie wote wanaotufahamu huko. Mama anakusalimu sana, na amenisimamia hapa nisiache kuandika kwamba ukuta wa jikoni nao umeanza kulegea.

Ni mimi mdogo wako,
Sekela