Sauti za Edmund

Helena, upo? Nimefanya kitu kibaya sana.

Shangazi Tekla, mama yake marehemu Edmund, kaja leo hapa Uyole kutoka Kilolo. Simu yake ilikuwa haioni waifai kabisa. Yangu inaona, ya kwake hakuna hata jina moja.

Nikazima, nikawasha. Wapi! Nikasema niriseti mtandao peke yake, kumbe nimebonyeza pa kufuta vitu vyote.

VYOTE Helena!!

Ikawaka kama mpya. Waifai ikashika hapo hapo, nami nikafurahi kama mjinga.

Shangazi akaishika, akaniuliza, "Na sauti za Edmund ziko wapi?"

Zile alizokuwa anamtumia kipindi anaumwa. Hazikuhifadhiwa popote. Nimetafuta mpaka macho yananiuma.

Hajanifokea Helena. Bora angenifokea.

Kaniuliza tu, "Mwanangu, unakumbuka alivyokuwa anacheka?"

Nikajaribu kumwigizia. Mimi huyu, kwa aibu, nacheka peke yangu sebuleni mbele ya mama wa watu.

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapana, hakuwa hivyo."

Akajaribu na yeye. Akashindwa. Tukalia wote wawili.